Rais Akishakunywa Kikombe

Wiki ya mwisho ya Machi 2020, mzee mmoja ninayemfahamu tangu nianze kazi ya famasi hapa Tanga alisimama mbele ya kaunta yangu, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuomba kitu cha aibu, kisha akaniuliza kama bado ninayo klorokwini. Nilicheka bila kukusudia. Kwa Mtanzania wa umri wangu jina hilo linarudisha muwasho wa utotoni: unameza vidonge vichungu, homa inashuka, halafu usiku kucha unajikuna viganja na nyayo hadi alfajiri, na mama anakuambia uvumilie kwa sababu ndiyo dawa inafanya kazi. Klorokwini iliondolewa katika tiba ya malaria nchini mwaka 2001, vimelea vilipokuwa vimekwisha kuizoea, ikaja dawa nyingine iitwayo SP na baadaye dawa mseto. Kwa hiyo nikamwuliza, "Mzee wangu, klorokwini ya nini tena?" Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Rais wa Marekani kasema, dokta."

Sikumwuzia, kwa kuwa sikuwa nayo, lakini jibu lake sijalisahau. Hakusema kwamba dawa hiyo imepimwa, wala hakusema kwamba jirani yake aliitumia akapona. Alichokuwa nacho ni cheo cha aliyeitaja, na kwake hicho kilitosha. Simlaumu. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa na viongozi lini apande mahindi, lini achanje ng'ombe na lini achemshe maji ya kunywa, ana sababu gani ya kudhani kwamba safari hii kiongozi anazungumza bila kujua? Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia, kwa udadisi wa mtu ambaye riziki yake ni kuuza dawa, namna wakuu wa nchi walivyogeuka kuwa wauzaji wa dawa zisizothibitishwa wakati wa UVIKO-19, na leo nataka kuyaweka kwa utaratibu yale niliyoyaona.

Asili ya klorokwini ya mzee wangu ilikuwa Marseille, Ufaransa. Mnamo Machi 2020 Profesa Didier Raoult na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini, wakidai kwamba wagonjwa waliopewa walisafika virusi haraka kuliko wengine. Waliohesabiwa kuwa wametumia dawa walikuwa 20, na wa kulinganishwa nao 16. Lakini walioanza dawa walikuwa 26. Wale sita waliobaki waliondolewa katika hesabu, na ukisoma sababu zao utashika kichwa: watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitalini, na mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Ni sawa na mwalimu anayetangaza kwamba darasa lake zima limefaulu baada ya kuwaondoa kwenye orodha waliofeli. Makala hiyo ilikuja kufutwa rasmi na jarida lililoichapisha Desemba 2024, zaidi ya miaka minne na nusu baadaye.

Rais Donald Trump hakungoja siku kadhaa, seuze miaka. Tarehe 21 Machi 2020 aliandika mtandaoni kwamba haidroksiklorokwini ikichanganywa na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huenda ikaigeuza historia ya tiba, na mwezi uliofuata akawa anawauliza wananchi wake kwenye mikutano na wanahabari: mnapoteza nini mkijaribu? Lilikuwa swali la kuuzia, lakini kila mfamasia anaweza kulijibu. Huko Arizona mwanamume mmoja alipoteza uhai wake mwezi huohuo wa Machi baada ya yeye na mkewe kunywa klorokwini fosfeti iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafishia matangi ya samaki. Lagos, Nigeria, maofisa wa afya walitangaza kupokea watu waliodhurika kwa kumeza klorokwini kupita kiasi. Dawa hizi hucheza na mapigo ya moyo, na umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua si mkubwa.

Wapo pia waliopoteza bila kumeza chochote. Nina mteja, mama mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ambaye haidroksiklorokwini ndiyo inayomwezesha kuamka asubuhi na kushika ufagio. Aprili ile niliagiza dawa yake kama kawaida, na msambazaji akaniambia imekwisha, na kwamba hata ikipatikana bei haitakuwa ile ninayoijua. Nilimpunguzia siku za dawa ili zimfikishe mbali kidogo, jambo ambalo kitaaluma silipendi na sikuwa na namna nyingine. Yeye hakuwa amemsikiliza rais yeyote.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu dawa hizo zitumike kwa dharura tarehe 28 Machi 2020, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo ikaifuta ruhusa hiyo. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na kazi ya kimyakimya iliyokuwa ikifanyika katika hospitali za Uingereza, jaribio lililoitwa RECOVERY, ambamo maelfu ya wagonjwa waligawanywa kwa mfano wa kura, hawa wapewe haidroksiklorokwini na wale watibiwe kama kawaida, kisha wote wahesabiwe baada ya siku 28, waliopona na waliokufa, bila kumwondoa mtu kwenye orodha. Tarehe 5 Juni watafiti wakatangaza kwamba dawa haisaidii. Brazil, Rais Jair Bolsonaro hakujali. Waziri wake mmoja wa afya alikuwa amekwisha kufukuzwa Aprili, wa pili akajiuzulu Mei kabla ya kumaliza mwezi mmoja ofisini, na mnamo Julai rais akapigwa picha akiwanyooshea pakiti ya dawa hiyo ndege wakubwa wanaofugwa kwenye bustani ya ikulu. Nadhani ndege wale ndio wagonjwa pekee ambao hakuna aliyewalazimisha.

Lakini Marekani na Brazil ni mbali. Kilichonigusa zaidi kilitokea kwa majirani zetu wa Bahari ya Hindi.

Tarehe 20 Aprili 2020, mjini Antananarivo, Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alinyanyua chupa ya kinywaji cha mitishamba kilichopewa jina la Covid-Organics, akanywa mbele ya kamera, akasema kwamba watu wawili wamekwisha kupona kwacho na kwamba matokeo huonekana ndani ya siku saba. Kiini chake kilikuwa Artemisia annua, mmea ambao wengi wetu tunauita pakanga, ukichanganywa na mimea mingine ya kisiwani. Kilitengenezwa na taasisi ya utafiti ya IMRA, na hapa ni lazima niwe mwadilifu, kwa sababu IMRA si genge la walaghai. Ilianzishwa mwaka 1957 na mwanasayansi Albert Rakoto Ratsimamanga, ambaye jina lake linahusishwa na Madécassol, dawa ya vidonda iliyotokana na mmea mdogo unaotambaa chini na ambayo imeuzwa Ulaya kwa miongo mingi. Tena, Madagaska ndiko nyumbani kwa lile ua la rangi ya waridi linaloota hata kwenye nyua zetu hapa pwani, ambalo kwalo kampuni ya Kimarekani ilipata dawa za saratani, ikiwamo vinkristini inayookoa watoto wenye saratani ya damu. Wamadagaska hawakufaidika na biashara hiyo ipasavyo. Kwa hiyo Rajoelina alipowaambia wanahabari wa Ufaransa, mwezi Mei, kwamba kama dawa hii ingegunduliwa na nchi ya Ulaya shaka isingekuwa kubwa kiasi hiki, alikuwa anagusa donda la kweli. Nilipomsikia, sehemu ya moyo wangu ilimshangilia.

Sehemu nyingine ilikumbuka historia ya pakanga yenyewe. Mwaka 1972 nchini China, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipata kutoka kwenye mmea huohuo kiini kinachoitwa artemisinini, ambacho leo kiko ndani ya dawa mseto ninayoiuza kila siku. Fununu aliipata katika maandiko ya tabibu wa kale, Ge Hong, aliyeelekeza kwamba majani yalowekwe katika maji, yakamuliwe na juisi yake inywewe, na Tu akagundua kwamba walipokuwa wakiyachemsha walikuwa wakiiua nguvu ya dawa. Yeye na wenzake walijitolea kuimeza kwanza, kuona kama ina sumu. Kisha wakaipeleka kwa wagonjwa, wakahesabu, wakaandika, wakasubiri wengine wahesabu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Tu alikunywa ili utafiti uanze. Rajoelina alikunywa na utafiti ukaonekana kana kwamba umekwisha. Na Shirika la Afya Duniani limeendelea kutoa tahadhari hata juu ya kunywa chai ya pakanga kwa ajili ya malaria, kwa kuwa kikombe hiki hakina kiasi sawa na kile, na dozi ndogondogo huwafundisha vimelea kuizoea dawa. Hiyo ni kwa ugonjwa ambao tuna hakika kwamba kiini cha mmea huo kinautibu.

Chuo cha Taifa cha Tiba cha Madagaska kilionya mapema kwamba kinywaji hicho hakina ushahidi na kinaweza kudhuru, hasa watoto. Kilichofuata ni wanajeshi kupita mitaani wakigawa, na wanafunzi waliorudi shuleni kutakiwa kunywa. Watoto walilalamikia uchungu. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kama lingekuwa hadithi ningelikataa: waziri wa elimu alipanga kununua peremende za zaidi ya dola milioni mbili ili wanafunzi walambe baada ya dawa. Alifutwa kazi Juni 2020. Kwa upande wangu nilishangazwa na kitu kidogo zaidi, kwamba katika sakata lote hilo bei ya peremende ilijadiliwa kwa makini na hadharani kuliko kinywaji chenyewe.

Julai 2020 Antananarivo ilirudishwa katika karantini, hospitali zikiwa zimezidiwa. Waziri wa afya aliandika barua kwa wafadhili akiomba mitungi ya oksijeni na vifaa vya kupumulia, na serikali yake mwenyewe ikamkemea hadharani kwamba amejiandikia bila idhini; mwezi uliofuata alikuwa amekwisha kubadilishwa. Nimeirudia habari ya barua hiyo mara nyingi. Kosa la waziri lilikuwa nini, kama si kukiri kwa maandishi kwamba kikombe hakikutosha? Ukishatangaza kwamba una tiba, kuomba oksijeni kunakuwa ushahidi dhidi yako. Oksijeni ina gharama, inahitaji mitambo, umeme, mafundi na bajeti ya mwaka mzima, na wala haipendezi kwenye picha, lakini kikombe hunyanyuliwa kwa mkono mmoja.

Nigeria ilipelekewa kinywaji hicho na ikafanya jambo la busara: taasisi yake ya utafiti wa dawa, NIPRD, ilikipima, na Julai 2020 ikasema haikupata ushahidi kwamba kinatibu UVIKO-19, ingawa huenda kinatuliza kikohozi. Ni jibu fupi lisilomtukana mtu. Natamani ningelisikia kwetu.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Aprili 2020 Hayati Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi kujifukiza, akieleza kwamba mvuke wa moto huwadhoofisha virusi. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato katika hafla ya kumwapisha Waziri wa Katiba na Sheria, alisimulia jinsi sampuli za papai na za mbuzi zilivyopelekwa kisiri kwenye maabara ya taifa zikarudi na majibu ya kuwa na virusi, na papo hapo akasema kwamba amewasiliana na Madagaska na atatuma ndege ikachukue dawa. Siku tano baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alikuwa Antananarivo akikabidhiwa shehena. Takwimu za taifa za ugonjwa zilisimama mapema Mei katika wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka.

Ni rahisi kuyatazama mambo hayo matatu, yaani vipimo kutiliwa shaka, takwimu kusimama na dawa kuletwa kwa ndege, kama visa vitatu tofauti. Mimi huyaona kama kisa kimoja. Dawa haiwezi kujulikana kama inafanya kazi bila kujua nani alikuwa mgonjwa na nani alikufa. Ukiivunja mizani, kila mfuko utakuwa na kilo unazotaka. UVIKO-19 hasa ulikuwa ugonjwa wa kumpa sifa mganga yeyote, kwa sababu wengi wa walioupata wangepona hata wakinywa maji ya bomba. Kwa hiyo kila aliyejifukiza akapona alikuwa shahidi, na aliyejifukiza akafa hakuitwa kutoa ushahidi. Ni wale sita wa Marseille tena, ila safari hii hawakufutwa kwenye jedwali, kwani jedwali lenyewe halikuwapo.

Sipendi nieleweke vibaya kuhusu nyungu. Nimekulia ndani yake. Bibi yangu alikuwa akichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na malimau, ananifunika na blanketi pamoja na sufuria, na ninatoka huko nikiwa nimelowa jasho, pua zimefunguka, nikisikia njaa. Ni faraja ya kweli na sioni sababu ya mtu kuionea haya. Kosa lilikuwa kuipandisha cheo. Faraja ya bibi haikuwahi kudai kwamba inachukua nafasi ya hospitali, bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mtoto huyu anahema vibaya, mpelekeni." Ilipotoka jukwaani ikiwa ni sera, yale maneno ya pili yalidondoka njiani.

Nimeyaona hayo nyumbani kwetu. Shangazi yangu aliugua mapema mwaka 2021, wakati wimbi la pili lilipokuwa likitupitia na sisi tukiliita kwa majina ya kuzunguka, changamoto ya upumuaji, nimonia, mafua makali. Februari mwaka huo Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alikuwa ameonyesha mbele ya wanahabari jinsi ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili, na shangazi alikifuata kinywaji hicho kwa uaminifu wa mtu anayefuata cheti cha daktari. Siku ya tisa binamu yangu alinipigia simu akisema mama hawezi kumaliza sentensi. Tulimpeleka hospitali moja ya hapa, akawekewa oksijeni siku sita, akapona, Mungu ashukuriwe. Ukimwuliza leo kilichomponya, atakuambia ni tangawizi. Mtungi wa oksijeni anaukumbuka kama adha, kwa sababu ule mrija ulimkwaruza pua. Nimekwisha kuacha kubishana naye. Hoja yangu ni neno la kijana wa familia, na hoja yake ilitoka kwenye televisheni ya taifa, ikiwa na bendera nyuma yake.

Wakenya wanaosoma hapa wasitucheke sana. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi aliizindua Kemron, dawa ya kunywa ya interferoni (protini ya kinga ya mwili) ya kiwango kidogo kutoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikitangazwa kuwa ufumbuzi wa UKIMWI, na watu wakasafiri kwenda Nairobi kutoka nchi za mbali. Waliomaliza ubishi walikuwa Waganda: jaribio la Kampala lenye wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kitupu, halikuona manufaa yoyote. Matokeo hayo hayakuzinduliwa na rais yeyote. Kusini mwa bara, serikali ya Thabo Mbeki ilichelewesha dawa za kufubaza virusi huku waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akisifia vitunguu saumu na viazisukari vyekundu. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000. Naye Yahya Jammeh wa Gambia alitangaza mwaka 2007 kwamba anauponya UKIMWI kwa mikono yake na mitishamba, na wagonjwa wake wakaachishwa dawa zao za hospitali. Katika visa hivi vyote nimekuwa nikitafuta mahali ambapo mtu wa ndani aliweza kuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Mheshimiwa, tumeipima?" bila kuonekana msaliti. Sijapaona. Rais akishakunywa, swali la dawa linageuka kuwa swali la utii, na mtaalamu anayelipwa mshahara na serikali hiyohiyo anajua jibu linalotakiwa.

Wanaodhurika kwa namna hiyo ni pamoja na waganga wetu wa kweli. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, ina baraza lake, na pale Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili iliyoanza miaka ya 1970. Hao ndio wangepaswa kupewa pakanga, tangawizi na majani ya mkaratusi, pamoja na fedha na wagonjwa wanaohesabika, kisha waachwe waseme ndiyo au hapana. Mtu anayesema kwamba kudai kipimo ni kuidharau Afrika anaidharau Afrika kuliko mimi, kwa maana anadhani majani yetu hayatastahimili kuhesabiwa.

Tarehe 16 Juni 2020 lile jaribio la Uingereza lililoiangusha haidroksiklorokwini lilitoa habari nyingine: deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Deksamethasoni! Dawa ambayo kila zahanati hapa inaijua, ambayo bei yake haimtishi mtu, na ambayo hakuna mkuu wa nchi aliyewahi kuinyanyua mbele ya kamera. Na ilikuja na sharti lake: kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikuleta faida. Nilikumbuka sharti hilo kila mara mteja alipokuja akitaka ya kuweka nyumbani, na nikamrudisha mikono mitupu.

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kuwasili. Kesho yake mzee wangu alikuja kuchukua dawa zake za presha. "Mama kachanja," akaniambia, na kwa namna alivyosema nilijua kwamba suala limekwisha. Nilifurahi, kisha furaha yangu ikaingiwa na doa, kwa sababu ilikuwa ni sentensi ileile ya klorokwini, imevaa nguo nyingine tu. Miezi sita kabla ya hapo rais mwingine, akiwa Chato, alikuwa amesema chanjo hizo hazifai, na mzee huyuhuyu alikuwa ameniambia kwamba suala limekwisha. Tofauti niliyoijua mimi ilikuwa kwamba nyuma ya sindano ya Julai kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu waliogawanywa kwa kura na kuhesabiwa, na kwamba yeyote anaweza kulifungua jedwali lao. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Akanirahisishia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea mlangoni aliposimama na kuuliza, "Hivi ile klorokwini ya yule Mmarekani, mwisho wake ulikuwaje?"

Nikamwambia kwamba Waingereza walichukua wagonjwa 1,561 wakawapa haidroksiklorokwini, na wengine 3,155 hawakuwapa, na baada ya siku 28 walikuwa wamefariki 421 katika kundi la kwanza na 790 katika la pili. Akaomba karatasi. Alikuwa karani wa bandari miaka ya nyuma, na hesabu haijamtoka. Akagawanya polepole kwa kalamu yangu, akiegemea kaunta, wateja wawili wakimsubiri nyuma.

"Huku 27 katika mia," akasema. "Huku 25."

"Ndiyo, mzee. Tofauti hiyo ni ndogo, huenda ni bahati tu, lakini msaada haukuonekana."

"Na hizi wanazotuchanja, hesabu zake unazo?"

Nilimwambia ninazo, nitamchapia. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni pamoja na vidonge vyake, akaniaga.